Mwaka Mmoja Bila Baba Lhundup, Mwongozaji wa Njia ya Larkya

Baba, mwaka umetimia tangu asubuhi ile uliyowapa ng'ombe majani, ukakaa juani ukiegemea ukuta, ukaomba chai. Mama alipokuletea, mkono wako haukuipokea. Ilikuwa siku ya tisa ya mwaka wetu mpya, na barafu ilikuwa inadondoka matone matone kutoka kwenye paa.

Mimi Dolkar, binti yako mkubwa, ndiye niliyepewa kalamu. Mdogo wangu Palmo amekaa pembeni anasahihisha. Mama haandiki, lakini anataka asomewe kila mstari, na amekwisha kunikatiza mara mbili.

"Usimfanye mtakatifu," amesema. "Alikuwa anakoroma."

Ulikuwa unakoroma, Baba. Tuanze hapo.

Ulikoroma, ulikula pilipili mpaka machozi, na ulitembea polepole kuliko mtu yeyote katika bonde hili. Wachunga yaki, ng'ombe wetu wa manyoya marefu, walikuita Mzee Kesho. Walikuwa wakikupita pale kwenye daraja la kijiji chetu, Lho, wakipiga miluzi. "Mzee Kesho, mwenda pole hajikwai, lakini na kufika hafiki!" Nawe ukiwajibu bila kugeuka, "Nyinyi tangulieni mkachemshe maji." Ukiona jiwe limelegea njiani ulilishindilia kwa kisigino. Usiporidhika ulivua mzigo ukalipanga upya, na wageni wakasimama wakikutazama, wasijue kama hiyo nayo ni sehemu ya safari.

Wageni wenyewe walikuja na siku zao mkononi. Mwaka hadi mwaka siku zilipungua. Wa zamani walikuja na ishirini, wa baadaye kumi na nne, kisha kumi na moja, na ndege inawasubiri. Ulikuwa unatuambia, "Mgeni akija na siku kumi, mwombe kumi na mbili. Akikataa, mpe mlima unaotosha siku zake." Kampuni za Kathmandu hazikuupenda usemi huo. Hata hivyo walikuita, kwa sababu katika miaka ishirini na sita hakuna mgeni wako hata mmoja aliyeteremshwa akiwa amefunikwa uso.

Kuna jambo moja ambalo hukuwahi kutaka lisemwe. Leo tunalisema, kwa kuwa Mama ameruhusu.

Ni lile la Bwana Pyo.

Alikuja kutoka Korea miaka mitano iliyopita, wakati wa sikukuu yao ya mavuno, na wafanyakazi wawili wa ofisini kwake, Bwana Gil na Bi. Noh. Yeye ndiye alikuwa mkuu wao. Siku zote za safari zilikuwa kumi na moja, nazo zilikuwa zimeandikwa kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, kila siku na saa zake. Mimi nilikuwa na leseni mpya ya uongozaji ambayo sikuwa na mpango nayo. Nilikuwa nasoma Kikorea mjini ili nikafanye kazi kiwandani kwao, na mwezi wa kumi na mbili ningeondoka. Ulinichukua kwenye msafara ule niwe mkalimani tu. "Utapata mazoezi ya ulimi," ulisema. "Miguu ni yangu."

Tulipofika kijiji cha Sama uliwaomba siku moja ya kupumzika, miili izoee kimo. Bwana Pyo akakuonyesha karatasi.

"Siku hiyo haimo humu."

"Haimo kwenye karatasi, Mkuu. Ila kwenye mlima imo."

Aliona ni mzaha, akacheka. Kesho yake tukaondoka kwenda Samdo, na siku iliyofuata tukapanda hadi kwenye vibanda vya mawe vilivyo chini ya Larkya, ule upenyo wa mlimani wa kuvukia kwenda ng'ambo. Tulifika saa sita mchana. Nilikwenda nyuma ya kibanda kutafuta maji, nikawasikia Bi. Noh na Bwana Gil wakinong'ona. Hawakujua kuwa niko karibu.

"Mkuu ametapika tena," alisema Bi. Noh. "Mara ya tatu."

"Nyamaza. Hujaona kitu."

"Nimeona. Hata kufunga kamba za viatu hawezi."

"Ukisema wewe, utakaa naye vipi ofisini? Nyamaza."

Nilikuja kukuambia ukiwa unakoleza moto. Ulichukua kamba ya mizigo ukainyoosha chini kwenye uwanja, ukawaita wote.

"Desturi yetu," ulisema. "Kabla ya Larkya kila mtu anatembea juu ya kamba, kisigino kiguse kidole."

Hatuna desturi hiyo, Baba. Nilitafsiri hivyo hivyo. Bi. Noh alipita vizuri, Bwana Gil akapita huku akifanya vituko. Bwana Pyo alipiga hatua mbili, ya tatu ikaenda pembeni kabisa kama ya mlevi, akashika ukuta.

"Upepo," alisema.

Bendera za sala juu ya kibanda zilikuwa zimelala, hata moja haitikisiki.

Jikoni nilikuambia, "Mwambie ukweli, kimo kimemshika kichwa. Akilala hapa leo atakufa."

"Nikimwambia mbele ya hawa wawili, atapanda. Nikimwambia faraghani, atapanda vile vile. Mtu huyu haogopi kufa. Anaogopa kurudi."

"Basi tushuke wote."

"Tukishuka wote atajua ni kwa ajili yake. Atakataa." Uliifunika sufuria. "Goti langu linaniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi."

Nilikuelewa. Lakini kama wewe unashuka, wale wawili atawapeleka nani?

"Wewe," ulisema, ingawa sikuwa nimeuliza.

"Baba, mimi nimesomea kiwanda. Sikusomea Larkya."

"Umevuka mara ngapi?"

"Sita. Nyuma yako."

"Basi kesho kitakachopungua ni mgongo wangu tu. Njia iko pale pale."

Ulitoka ukichechemea. Sijawahi kuona mtu akichechemea vibaya namna ile. Ulikwenda mpaka mbele ya Bwana Pyo ukainamisha kichwa, ukaniambia nitafsiri neno kwa neno, nisipunguze.

"Mkuu, nimeaibika. Goti langu limekwisha. Inanibidi nishuke leo hii Samdo, wala siwezi kushuka peke yangu. Wapagazi ni vijana, hawana subira na mzee. Nimekuangalia siku zote hizi, wewe ndiye mtu mzima katika msafara huu. Ninajua nakuvunjia safari yako. Naomba unisindikize."

Alikutazama. Midomo yake ilikuwa ya buluu. Kisha akanitazama mimi.

"Na hawa? Msichana huyu ataweza?"

"Akishindwa atarudi. Hilo ndilo nililomfundisha kwanza."

Bwana Pyo akasimama, akajinyoosha koti kana kwamba yuko ofisini. "Mtu mzima haachwi ateremke peke yake," alisema. Bi. Noh akageuza uso upande wa mlima. Nilimwona akifuta macho.

Mkaondoka saa nane mchana, wewe umeshika bega lake, naye ameshika lako, na mpagazi mmoja nyuma yenu. Uliniachia filimbi yako na maneno mawili: "Tembea polepole." Nilitaka uniambie zaidi. Hukuwa na zaidi.

Yaliyotokea kule chini tuliyapata kwa Mama Nangsa, mwenye nyumba ya wageni ya Samdo. Kabla ya kuvuka mto miguu ya Bwana Pyo ilikataa. Hapo ukamfunga mgongoni kwa kamba ya mizigo, mshipi ukauvuta kwenye paji la uso, ukambeba kama tunavyobeba kuni. Mpagazi alitaka kukupokea, ukamkabidhi begi tu. Ulikuwa na miaka hamsini na nane. Mama Nangsa alikuwa anaanua nguo alipokuona unaingia uani na mwanamume mzima mgongoni.

"Mzee Kesho, si wapita njia wametuambia una goti bovu?"

"Ninalo. Weka maji ya moto, mama, na ufunge mdomo."

Akaweka maji. Mdomo aliufunga siku tatu, na kwake hizo ni nyingi. Bwana Pyo alilala pale ukiwa umekaa ubavuni pake, asubuhi mkashuka tena mpaka Sama, na kufikia mchana alikuwa anaomba tambi.

Mimi nilitoka na wale wawili alfajiri. Sitasema mengi juu ya kuvuka, wewe ulivuka zaidi ya mara mia na hukuwahi kujisifu. Nitasema tu kwamba pale ambapo mtu hudhani amefika, kumbe bado, Bwana Gil aliketi kwenye theluji akasema hapigi hatua tena. Nikaketi naye. Nikamuuliza mama yake anapika nini siku ya sikukuu yao. Akaanza kutaja vyakula, kimoja baada ya kingine, na alipofika kwenye maandazi ya mchele akaanza kulia, akainuka mwenyewe. Saa nne kasoro tulikuwa Larkya. Nilitazama mbele yangu, mgongo wako haukuwapo, na njia ilikuwa pale pale.

Nilipofika ng'ambo, Bimthang, nilijua kuwa kiwandani siendi. Sikukuambia wakati ule. Nadhani ulijua.

Sasa hili la goti. Bwana Pyo aliporudi kwao aliiandikia kampuni barua nzuri sana. Alieleza jinsi mwongozaji wao, Lhundup, mtu mwema lakini mwenye goti bovu, alivyosindikizwa naye hadi Sama. Aliomba mzee huyo atunzwe. Kampuni wakakutunza. Wakakupigia simu wakakuambia kwa upole mkubwa kwamba sasa upumzike, Larkya si ya magoti yako. Kampuni nyingine nazo zikasikia.

Mama alikuwa anakama. Aliiacha ndoo.

"Goti gani?"

"Hili hapa."

"Mwanamume wewe, nimeishi na goti hilo miaka thelathini na moja. Hilo lina afya kuliko mimi. Piga simu sasa hivi uwaambie."

"Nikiwaambia, na yeye ataambiwa. Atajua kwamba nilimdanganya, na wale wawili watajua alishushwa. Atakaa nao vipi?"

"Na wewe utakaa nami vipi?"

"Vizuri tu," ulisema. "Nitakuwa hapa."

Alikununia wiki nzima. Ukapanda miche ya matufaa nyuma ya nyumba. Ukamfundisha Palmo kusoma mawingu juu ya mlima Pungyen. Kila masika ulitoka na sururu kutengeneza njia kati ya Lho na Shyala, bila kuajiriwa na mtu. Ukisikia wageni wanakuja, ulikumbuka kuchechemea, mara mguu huu, mara ule, na watoto wa jirani wakakuiga nyuma yako. Kila mwaka, sikukuu ya Wakorea ilipokaribia, kilifika kifurushi cha plasta za maumivu kutoka kwa Bwana Pyo. Mama alizibandika kiunoni mwake. Alisema ni nzuri sana.

Baba, mwezi wa saba mwaka jana ilikuja barua. Bwana Pyo alikuwa amestaafu. Alisema safari hii ana siku kumi na nane, na kwamba angependa kutembea nawe, kama goti litaruhusu. Nilimjibu kwamba umetutoka. Nilidhani hatakuja.

Alikuja mwezi wa kumi. Alipofika Lho hakuingia ndani kwanza. Aliketi pale ukutani, mahali pako, bila kuonyeshwa. Mama akampelekea chai, naye akaipokea kwa mikono miwili. Kisha akasema, mimi nikitafsiri:

"Mama, nina jambo la kukiri. Mume wako hakuwa na goti bovu."

Mama akanitazama.

"Nilijua tangu kabla ya mto," aliendelea Bwana Pyo. "Alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Tulipoanza kuteremka akahamia wa kulia. Nilikuwa naumwa, lakini macho yalikuwa bado yanaona."

"Sasa zile plasta?" aliuliza Mama.

"Mtu akikupa heshima yake mbele ya watu, humrudishii kwa kumwambia kwamba uongo wake umeonekana. Sikujua namna nyingine ya kusema asante."

Mama aliangua kicheko. Alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, naye Bwana Pyo akatabasamu bila kuelewa. Mama alipotulia alisema, "Mwambie sasa na sehemu yetu." Nikasita. Akasema, "Mwambie. Wote wawili wamefichana vya kutosha."

Nikamwambia jinsi ile barua yake nzuri ilivyokuondolea kazi. Rangi ikamtoka usoni. Aliiweka bilauri chini, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya Mama, akainama mpaka paji la uso likagusa ardhi.

Mama aliinama akamshika mkono.

"Inuka, chai inapoa," alisema. "Nisikilize. Miaka yote ile niliyoolewa, kila msimu nilikuwa namsindikiza mpaka darajani, halafu nahesabu siku. Msimu mzima, mwaka hadi mwaka. Baada ya barua yako nilikaa na mume wangu miaka minne. Tulipanda matufaa. Tuligombana kila siku kama watu wazima. Hakufia njiani, alifia hapa, na chai yangu mkononi mwangu. Sasa kunywa."

Akanywa. Baba, alilia kama mtoto, na Mama akammiminia nyingine.

Nilikwenda naye. Tulipumzika Sama siku mbili. Samdo theluji ikatuzuia siku mbili nyingine, na Mama Nangsa akamfundisha karata na kumwibia waziwazi. Hakutazama saa hata mara moja. Siku ya tatu anga likafunguka, tukapanda. Ana miaka sitini na sita, alikuwa anasimama kila hatua ishirini, na mimi sikumharakisha. Juu kabisa alivua kofia, akageuka kutazama kule tulikotoka, upande wa Samdo. Nilimpa kitambaa cheupe cha heshima akufungie pamoja na bendera. Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi, lakini hakukubali nimsaidie lile fundo.

Hizo ndizo habari zetu tulizotaka uzijue.

Nyingine ni ndogo. Matufaa yalizaa mwaka jana kwa mara ya kwanza, machungu kidogo. Palmo amepata leseni, na sasa bonde hili lina wanawake saba wanaoongoza wageni. Kampuni zikinipa siku kumi na moja ninaomba kumi na tatu, na wakikataa ninawaambia kuna njia nyingine nzuri, fupi, watafute mtu wa hiyo. Lama, kasisi wetu, anasema kwa hesabu yake umekwisha kuzaliwa tena mahali fulani. Mama huwachungulia watoto wachanga wote wanaobebwa kupita hapa, na mpaka sasa amemkataa kila mmoja.

Na juzi, Baba, tulipokuwa tunatengeneza taa za siagi kwa ajili ya leo, Mama alisema jambo bila kuinua kichwa.

"Mimi sijawahi kuvuka Larkya."

Palmo akasema, "Unataka nini huko, Mama? Ni mawe na baridi."

"Nimeishi chini yake miaka hamsini na sita. Watu wametoka Korea kuja kuiona. Viazi vikishapandwa, kabla ng'ombe hawajapelekwa juu, nina siku kumi na nne. Dolkar, zinatosha?"

Nilimwambia zinatosha, na mbili zitabaki.

Amekwisha kununua viatu. Anavivaa jikoni ili vilainike, na ninavyoandika hivi anakwenda navyo kutoka mlangoni hadi kwenye jiko na kurudi, polepole sana.

Unakumbukwa na mke wako Diki Bhuti. Binti zako Dolkar na Palmo. Ndugu yako Tsewang na familia yake ya Prok. Shemeji zako wote wa Namrung. Mama Nangsa wa Samdo. Wachunga yaki wa daraja la Lho, ambao siku hizi hawapigi miluzi. Na rafiki yako Pyo, aliyeomba jina lake liwekwe hapa miongoni mwa ndugu.

Maadamu tunapita njia hii, Baba, hutatutoka moyoni.